Mto Nahanni Kusini wa Kanada: ulipasuaje milima, na kwa nini ulihitaji kulindwa mara mbili?

Mwalimu wa Jiografia, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu katika jambo la kitaaluma. Muhula huu nafundisha kazi ya mito, na nilitaka mfano mmoja kutoka nchi za baridi ili wanafunzi wasidhani kwamba mito yote duniani hujaa kwa masika na kupungua kwa kiangazi kama ya kwetu. Nimeuchagua Mto Nahanni Kusini, unaopita katika Milima ya Mackenzie, kwenye eneo la Northwest Territories, kaskazini mwa Kanada.

Nimeufuatilia kwenye picha za setilaiti kutoka vyanzoni hadi unapoingia Mto Liard, na kuna mambo mawili ambayo sijaweza kuyaeleza darasani kwa namna inayoniridhisha. La kwanza ni umbo lake. Katika sehemu ya chini mto huu hujipinda kushoto na kulia, mapindo mapana ya aina ile tunayowafundisha watoto kwamba ni ya mto wa tambarare, unaokwenda polepole. Lakini hapa mapindo hayo yamezama ndani ya makorongo yenye kuta za mamia ya mita. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini maji, ambayo siku zote hufuata njia nyepesi, yalipasua milima badala ya kuizunguka, na swali lake linastahili jibu kamili.

La pili ni ulinzi wake. Nimesoma kwamba serikali ya Kanada iliutengea hifadhi mwaka 1972, kisha mwaka 2009 ikarudi kuipanua zaidi ya mara 6. Ikiwa mto ulikuwa umeshalindwa, ni kitu gani kilichokuwa kimebaki nje?

Mpenda Miamba

Mwalimu, shikamoo. Nitajibu la kwanza, na la pili nitawaachia wanaoifahamu Kanada kuliko mimi.

Swali la mwanafunzi wako limejengwa juu ya dhana kwamba milima ilikuwepo kwanza, mto ukaja baadaye na kuikuta imeziba njia. Kwa Nahanni mambo yalikwenda kinyume: mto ndio uliotangulia. Ulikuwa ukitiririka kwa mapindo juu ya ardhi isiyo na miinuko mikubwa, kisha ardhi hiyo ikaanza kuinuka taratibu mno, kwa kasi ambayo mto uliweza kuimudu kwa kuendelea kuchimba papo hapo ulipokuwa. Waambie wanafunzi wamfikirie mtu anayekata kwa msumeno bila kuushusha hata kidogo, huku gogo likisukumwa juu kuelekea kwenye meno yake. Gogo litapasuka, na ufa utafuata mstari uleule ambao msumeno ulikuwa nao tangu mwanzo. Ndiyo sababu mapindo ya tambarare yamehifadhiwa ndani ya mwamba, na katika Korongo la Kwanza kuta zake hufikia mita 1,000 hivi.

Naomba uzingatie hesabu ya makorongo yenyewe. Yapo manne makubwa, na yamehesabiwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu watega wanyama wa manyoya na watafuta dhahabu walioyapa namba walikuwa wakiupanda mto. Anayeshuka kwa mtumbwi leo huanza na la Nne na kumaliza na la Kwanza. Usipowaeleza jambo hili mapema, ramani itawachanganya.

Korongo la Nne lina asili yake peke yake. Mwanzoni mwake ndipo yalipo Maporomoko ya Virginia, ambayo Wadene, wenyeji wa nchi hiyo, huyaita Náįlįcho. Maji yake huanguka kama mita 90, karibu mara mbili ya kimo cha Niagara, na katikati ya maporomoko umesimama mnara wa mwamba unaoyagawa maji sehemu mbili. Maporomoko hayo yamekuwa yakiukwangua mwamba wa chokaa na kurudi nyuma, yaani kuelekea vyanzoni, na kila yaliporudi yaliacha korongo mbele yake. Kwa hiyo ndani ya mto mmoja unaweza kufundisha njia mbili za kuzaliwa kwa korongo: milima kuinuka chini ya mto uliokwishakuwepo, na maporomoko kurudi nyuma.

Kuna swali ambalo mwanafunzi mwerevu ataliuliza baada ya hapo. Sehemu kubwa ya Kanada ilifunikwa na barafu nene katika enzi ya mwisho ya barafu, na barafu inayosogea hupanua mabonde na kusaga kingo zake. Kwa nini basi makorongo haya yamebaki membamba na yenye kuta wima? Jibu ni kwamba katika enzi hiyo bamba kubwa la barafu lililotoka mashariki na barafu ya milima ya magharibi havikulifunika eneo la makorongo. Barafu ya mashariki iliziba njia ya maji upande wa chini, na ziwa likajaa ndani ya bonde, lakini nchi yenyewe haikusagwa. Derek Ford wa Chuo Kikuu cha McMaster, aliyeyachunguza mapango ya Korongo la Kwanza na nchi ya chokaa iliyo kaskazini yake, alipima umri wa mawe yaliyojengwa na matone ya maji mapangoni na kukuta mengine yamepita miaka 350,000, ambayo ndiyo iliyokuwa kikomo cha kipimo alichokitumia.

Nchi hiyo ya chokaa ina mapango, mashimo yaliyodidimia na maziwa yanayojaa na kukauka kwa sababu maji yake hupenya chini kwa chini. Pango moja, liitwalo Grotte Valerie, lina mifupa ya kondoo-mwitu weupe wa milimani wapatao 100 walioingia humo na kushindwa kutoka. Naitaja kwa makusudi, maana inahusu swali lako la pili: katika nchi ya namna hii huwezi kujua kwa kutazama juu ya ardhi maji yanaelekea wapi.

Mkazi wa Edmonton

Mwalimu, naishi Alberta, jimbo lililo kusini mwa huko, na habari za Nahanni nimezifuatilia kwa miaka mingi. Swali lako la pili ndilo kiini cha historia ya mto huu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 yalikuwepo mawazo ya kujenga bwawa la umeme kwenye Maporomoko ya Virginia. Mwaka 1970 Pierre Trudeau, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliutembelea mto huo kwa mtumbwi, na mwaka 1972 serikali yake ikatenga ardhi kwa ajili ya hifadhi. Sheria iliyoikamilisha ilipita mwaka 1976, na mwaka 1978 Nahanni ikawa miongoni mwa sehemu 12 za kwanza kabisa kuingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Bwawa halikujengwa. Hadi hapo tulikuwa na ushindi wa kweli, na sipendi kuupunguza.

Lakini chukua kalamu utazame ukubwa. Hifadhi ya mwanzo ilikuwa na kilomita za mraba 4,766, nayo ilikuwa ukanda mwembamba uliofuata mto wenyewe na sehemu ya tawi lake liitwalo Flat. Bonde lote linalomwaga maji katika mto huo lina zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Maana yake ni kwamba kilicholindwa kilikuwa kama sehemu 1 ya 7, yaani kingo na mandhari ambazo mtu aliyekaa mtumbwini huziona, wakati maji yenyewe yalikuwa yakitoka nje ya mpaka.

Mfano hauko mbali. Kwenye vyanzo vya Mto Flat, karibu na mpaka wa Yukon, mgodi wa tungsteni ulifunguliwa mwaka 1962, pamoja na mji mdogo wa wafanyakazi wake. Ulifungwa na kufunguliwa mara kadhaa kwa kufuata bei ya soko, hadi kazi iliposimama mwaka 2015 kampuni ilipolemewa na madeni, na jukumu la mahali hapo, pamoja na mabaki ya uchenjuaji yaliyolimbikizwa bondeni, likarudi mikononi mwa serikali. Flat huingia Nahanni Kusini chini kidogo ya Maporomoko ya Virginia. Mtu anaweza kusimama kwenye maporomoko ambayo ni urithi wa dunia, akashuka mwendo mfupi tu, akakutana na maji yaliyopita jirani na mgodi. Hakuna sheria ya hifadhi inayoweza kuyasimamisha maji mpakani yakaguliwe.

Wanyama nao walikuwa na ramani yao. Dubu wakubwa wa kahawia huhitaji eneo pana sana la kuzunguka, na makundi ya kariboo, kulungu wa nchi za baridi, huhama kati ya nyanda za juu na mabonde kwa majira. Ukanda wa kando ya mto uliwagusa kwa sehemu ndogo tu ya mwaka. Ile nchi ya chokaa aliyoieleza ndugu hapo juu nayo kwa sehemu kubwa ilikuwa nje.

Ndipo mwaka 2009 Bunge likapitisha sheria iliyoifikisha hifadhi kilomita za mraba 30,050. Vyanzo vya juu, vilivyo katika ardhi ya Wadene wa Sahtu, viliwekewa hifadhi nyingine, Naats'ihch'oh, iliyokamilishwa kisheria mwaka 2014. Tangu mwaka 1972 hadi hapo ni miaka 42. Kizazi kizima kilikaa mikutanoni ili mto uliokwishaitwa salama uwe salama kweli.

Mwalimu wa Jiografia, Morogoro

Nawashukuru sana nyote wawili, na marahaba kwa Mpenda Miamba. Maelezo ya msumeno nimeshayatumia leo asubuhi na darasa lilielewa mara moja.

Naomba niongeze swali. Kwetu Tanzania historia ya hifadhi ina upande wake wa maumivu: Serengeti ilipogawanywa mwaka 1959, Wamasai waliondolewa ndani ya hifadhi na kuhamishiwa upande wa Ngorongoro, na mjadala wa ardhi yao haujakwisha hadi sasa. Wanafunzi wangu wanajua habari hizo, na bila shaka wataniuliza hali ya Wadene. Je, hifadhi ilipopanuliwa hadi kilomita za mraba 30,000, wao walikwenda wapi?

Mwanafunzi wa Sheria

Mwalimu, swali hili ni zito, na nafurahi kwamba wanafunzi wako wanalifikia wenyewe.

Kwa ufupi, kupanuliwa kwa mwaka 2009 hakukuwahamisha. Kijiji cha Nahanni Butte kipo mlangoni mwa mto, pale unapokutana na Liard, na wakazi wake wanaendelea kuwinda, kuvua na kutega ndani ya hifadhi. Hawafanyi hivyo kwa hisani ya ofisi yoyote. Ni haki inayotambuliwa na sheria. Vizazi vilivyopita vya Wadene wa milimani vilikuwa vikikaa huko juu wakati wa baridi, na barafu ilipoyeyuka vilishona ngozi za kulungu wakubwa juu ya fremu ya miti, vikatengeneza mashua kubwa, na kushuka nazo pamoja na watoto, mbwa na manyoya ya kuuza. Walipofika chini waliivunja mashua na kuzitumia ngozi zake kwa mambo mengine, kisha wakarudi milimani kwa miguu. Kwa hiyo mto huu ulikuwa njia kuu ya watu muda mrefu kabla haujawa hifadhi, na anayeuita pori tupu hajawauliza wenyewe.

Jambo la kisheria la kuangalia ni jina la hifadhi. Nahanni haijawa hifadhi ya taifa kamili. Inaitwa National Park Reserve, hadhi ya muda inayotumika mahali ambapo madai ya ardhi ya wenyeji hayajamalizika. Mwaka 1921 Wadene wa eneo hilo walitia saini Mkataba Namba 11 na serikali. Serikali iliuchukulia kama hati ya kukabidhiwa ardhi, wakati Wadene wameshikilia siku zote kwamba walifanya mapatano ya amani na hawakuachia ardhi yao. Mazungumzo kati ya serikali na Wadene wa Dehcho, yaani wa eneo hilo la Nahanni, yamechukua miaka mingi. Hadhi hiyo ya muda huipa ardhi ulinzi wa sheria ya hifadhi bila kuyafuta madai yao.

Tangu mwaka 2000 ipo pia kamati ya pamoja ya wawakilishi wa Dehcho na wa Parks Canada, shirika la serikali linalosimamia hifadhi, ambayo huamua kwa kuafikiana badala ya kupiga kura. Kupanuliwa kwa hifadhi kulipita katika meza ya kamati hiyo, na uongozi wa Dehcho ulikuwa mstari wa mbele kudai bonde zima lilindwe. Hili ndilo ningependa wanafunzi walishike: mpaka mpana ulidaiwa na watu wanaoishi ndani yake, na bila wao sidhani kama ungefika hapo.

Mhandisi wa Migodi

Nimesoma mjadala wote kwa makini, nami naomba kuongeza upande ambao haujasemwa. Ndani ya hifadhi iliyopanuliwa kuna kipande cha ardhi kilichoachwa nje ya mpaka makusudi, kikiwa kimezungukwa pande zote: ni eneo la Prairie Creek, lenye madini ya zinki, risasi na fedha. Mitambo ya kuchenjua ilijengwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya fedha ikaanguka, na kampuni ikafilisika kabla mitambo haijafanya kazi hata siku moja. Wamiliki waliofuata wameomba vibali vya kuanza uzalishaji na kujenga barabara ya kupitika mwaka mzima.

Wapo Wadene waliotia saini mikataba ya manufaa na kampuni, kwa sababu Nahanni Butte ni kijiji kidogo, chenye ajira chache, na hakifikiki kwa barabara isipokuwa ile ya majira ya baridi inayopita juu ya barafu. Si haki kumlaumu mzazi anayetaka mwanawe apate kazi karibu na nyumbani. Tukiwaheshimu watu hawa walipodai hifadhi, tuwasikilize pia wanapozungumzia riziki.

Mpenda Miamba

Mhandisi, hoja yako ya riziki naiheshimu, na uamuzi huo ni wa wakazi wenyewe kuliko wetu sisi tulio mbali. Hata hivyo, kuna mambo ya ardhi ambayo mkataba wa ajira hauwezi kuyabadilisha.

Tarehe 5 Oktoba 1985 lilitokea tetemeko la ukubwa wa 6.6 katika milima hiyo, na tarehe 23 Desemba mwaka huohuo likaja jingine la 6.9. Milima niliyosema iliinuka chini ya mto haijatulia. Mitambo ya Prairie Creek imejengwa kando ya kijito, katika bonde jembamba, ikitenganishwa na maji kwa tuta, na kijito hicho hutelemka kilomita 40 na kitu kisha kuingia Nahanni Kusini. Barabara inayokusudiwa hupita ndani ya hifadhi kwa karibu nusu ya urefu wake na kukatiza ileile nchi ya chokaa ambako maji hupotelea ardhini. Tone la mafuta likimwagika juu yake, hakuna mtu atakayejua kwa hakika litatokea kwenye chemchemi gani.

Natamani kila anayetoa kibali cha namna hiyo apelekwe kwanza kwenye chemchemi za Rabbitkettle, juu ya maporomoko. Maji vuguvugu, ya nyuzi joto 20 hivi, hutoka kwenye kilele cha kichuguu cha jiwe chenye kimo cha mita 27, na kila yanapotiririka huacha utando mwembamba wa chokaa. Utando huo ndio ulioijenga kingo moja baada ya nyingine, vidimbwi vidogo vilivyopangana kwa ngazi, kwa muda wa maelfu ya miaka. Mgeni haruhusiwi kupanda bila mhifadhi, na hupanda akiwa amevua viatu, kwa sababu soli ya kiatu inatosha kuvunja kingo hizo. Wahifadhi wameuchukulia uzito wa kiatu kuwa ni tishio. Magari ya kusomba madini yapimwe kwa kipimo hichohicho.

Mkazi wa Edmonton

Naongeza moja kwa ajili ya darasa, mwalimu. Hata Naats'ihch'oh haikufunga mjadala. Serikali ilipendekeza mipaka ya aina 3, na uliochaguliwa ni ule mdogo kuliko yote, ukayaacha nje maeneo yenye madini kule juu kabisa ambako Nahanni Kusini huanzia.

Ukitaka wanafunzi waone tatizo hili kwa macho yao, wape karatasi iliyo na mto na matawi yake tu, bila mpaka wowote. Kwanza wachore mstari wa kigawanya maji, wafuate vilele kuzunguka bonde zima. Kisha wachore hifadhi ya 1976 kwa rangi moja, ya 2009 kwa rangi ya pili na Naats'ihch'oh kwa rangi ya tatu. Mwisho watie alama mgodi wa Mto Flat na Prairie Creek, halafu wafuate kwa kidole maji ya kila mmoja hadi Liard, kutoka Liard hadi Mto Mackenzie pale Fort Simpson, na kutoka hapo hadi Bahari ya Aktiki. Kazi hiyo huchukua kipindi kimoja tu, na maswali watakayouliza yatatosha kipindi kinachofuata.